Gari la Taka Likishapita

Kuna swali ambalo wakazi wa mijini hatupendi kuulizana: taka zetu zikishatoka mlangoni, nani anabaki nazo? Bei ya sukari tunaijua, nauli ya daladala tunaijua, hata mshahara wa waziri tunaubishania vijiweni. Lakini kiroba tulichokitoa nje alfajiri, kufika jioni hakuna anayeweza kusema kimelala wapi. Kimeondoka machoni petu, nasi tumeridhika.

Nimelirudia swali hili mara nyingi kwa sababu Tanzania, kama majirani zake, imekwisha kuamua kwamba kazi ya taka ngumu ifanywe kwa ubia. Serikali itunge sheria na kusimamia, kampuni na vikundi vizoe na kusafirisha, wananchi walipe ada. Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ipo tangu mwaka 2010, na miji yetu ilianza kutoa zabuni za taka muda mrefu kabla ya hapo. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ninachokitafakari ni kitu ambacho mkataba wenyewe hauwezi kukiandika kwa ukamilifu: kila mshirika anabeba deni gani kwa mwenzake, na kwa yule ambaye hakuitwa mezani siku ya kutia saini.

Historia ya Dar es Salaam inatosha kutufundisha. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na kazi zake zikahamishiwa kwa watendaji wa serikali kuu mikoani na wilayani. Huduma za miji zikazorota, kipindupindu kikaja, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Zilirudi na majukumu yote, ila mfuko ulikuwa mtupu. Miaka ya 1980 ilikuwa ya uhaba wa kila kitu; gari la taka likiharibika, kipuri chake kilihitaji fedha za kigeni ambazo hata hospitali zilizikosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni sehemu ndogo sana ya taka za jiji iliyokuwa ikifika dampo. Nyingine zote zilichomwa uani, zikafukiwa chini ya mwembe, zikatupwa mitaroni na mabondeni.

Hata hizo chache zilizofika dampo zilifika mahali pa ugomvi. Dampo lilikuwa Tabata, watu wakiishi ukingoni mwake, wakivuta moshi usiku na kufukuza inzi mchana. Mwaka 1988 wakazi hao walilishitaki Jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likaomba muda wa kuhama, likaomba tena, na tena, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa kuongeza siku. Hoja iliyosimama pale inastahili kukumbukwa na kila anayesimamia usafi wa mji: Katiba, katika Ibara ya 14, inalinda haki ya kuishi, na kumwekea mtu moshi na uvundo unaoharibu afya yake ni kuigusa haki hiyo. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, hatimaye Pugu Kinyamwezi. Kwa miaka mingi taka zilizunguka jiji zima zikitafuta jirani asiyeijua njia ya mahakamani.

Ninaianza safari ya ubia hapo kwa makusudi. Tukisahau tulikotoka, tutadhani sekta binafsi iliingia kwa sababu ya tamaa tu, au kwa shinikizo la wafadhili tu. Iliingia pia kwa sababu serikali ilikuwa imeshindwa kazi yake peke yake, na watu walikuwa wanaugua. Mwaka 1994 kampuni moja ya binafsi ilikabidhiwa kata 10 za katikati ya jiji. Mwaka 1998 mlango ukafunguliwa zaidi, na Shirika la Kazi Duniani likasaidia kuwaandaa wazoaji wapya. Kampuni ndogo zikaingia, vikaingia vikundi vya akina mama na vya vijana wa mtaani waliokuwa na majembe, mikokoteni na nia. Kiwango cha taka zilizozolewa kikapanda mara kadhaa. Mitaa iliyokuwa haijawahi kuona gari la taka ikaliona, na wanawake ambao hawakuwahi kuingia ofisi ya halmashauri wakaingia kama wazabuni. Hilo ni jambo la heshima, na halipaswi kusahaulika kila tunapokasirika kwa sababu gari halikuja.

Lakini ubia una tabia yake. Anayezoa taka anaishi kwa ada. Analipia dizeli, vibarua, matengenezo, na ushuru wa kumwaga mzigo dampo. Kwa hiyo, hata akiwa mtu mwema, mguu wake utaelekea kwenye ada. Masaki na Mikocheni barabara ni pana, nyumba zina namba, na mwenye nyumba analipa bila kufuatwa. Manzese, Tandale na Keko vichochoro havipitishi gari, mpangaji anahama kila baada ya miezi sita, na mtoza ada anaweza kushinda siku nzima akigonga milango akarudi na stakabadhi tatu. Mkandarasi akiachwa afuate hesabu zake, atazoa vizuri pale penye fedha na kusuasua pale penye umaskini, wala hatakuwa amevunja kipengele chochote kinachoonekana kwa urahisi.

Maji ya mvua hayana hesabu ya namna hiyo. Taka zisizozolewa Tandale huingia mtaroni, mtaro huingia Mto Ng'ombe, na Mto Ng'ombe huingia Msimbazi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam na kuzoa nyumba za mabondeni. Na tangu hapo barabara ya Jangwani imekuwa ikifungwa mara kwa mara, wa Masaki na wa Manzese wakikwama kwenye foleni moja. Sababu za mafuriko ni nyingi, kuanzia ujenzi mabondeni hadi mchanga unaojaa mtoni, ila mtaro ulioziba kwa taka ni sababu ambayo kila mmoja wetu ana mkono ndani yake. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika usafi wa mji, wa kwao ni mji mzima.

Ndiyo maana naamini haki ya kwanza katika ubia huu ni ya yule asiyeweza kulipa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imempa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na jukumu la taka ngumu ikalibebesha mamlaka za serikali za mitaa. Haikusema haki hiyo ni ya mwenye stakabadhi. Njia za kuitimiza zipo. Kata yenye uwezo na kata isiyo na uwezo zinaweza kufungwa katika zabuni moja, ili faida ya huku ibebe hasara ya kule. Mji wa Kigali, ambako taka huzolewa na kampuni na vyama vya ushirika, kwa miaka kadhaa ulipanga ada kwa kufuata madaraja ya kipato yaitwayo Ubudehe, mwenye nacho akilipa zaidi ya asiye nacho. Halmashauri nayo inaweza kutenga fungu la kulipia vichochoro vya watu maskini kama inavyotenga fungu la taa za barabarani. Hakuna anayemdai mpita njia ada ya kumulikwa.

Upande wa pili wa deni ni wetu sisi wa majumbani. Tunapenda kuilaumu halmashauri na mkandarasi, na mara nyingi tunayo haki hiyo. Gari lililoahidiwa Jumanne huonekana Ijumaa ya wiki inayofuata. Mtoza ada, yeye, hakosi mwisho wa mwezi. Mwananchi akihisi anatozwa kwa huduma asiyoiona, anaacha kulipa. Mkandarasi asipolipwa, anapunguza safari. Safari zikipungua, mwingine naye anaacha kulipa. Kila upande unasema nitatimiza mwenzangu akitimiza, na viroba vinazidi kupasuliwa na mbwa kando ya barabara.

Wa kwanza kuvunja mzunguko huo hana budi kuwa mwenye mamlaka, kwa kuwa ndiye aliyetoa zabuni. Ratiba ya gari ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Jina la mkandarasi, kiasi cha ada na namba ya kutolea malalamiko vijulikane. Mapato na matumizi yasomwe katika mkutano wa mtaa, hadharani, mbele ya walipaji. Lakini ratiba hiyo haitamzuia mtu anayetoka usiku na ndoo ya taka kwenda kuimwaga mtaroni huku mvua ikinyesha ili maji yamsaidie. Huyo anajua anachokifanya. Waislamu tumefundishwa kwamba usafi ni sehemu ya imani, Wakristo wamefundishwa kumpenda jirani kama nafsi zao, na wazee wetu wa bara na pwani walifagia uwanja kabla jua halijachomoza. Sijui fundisho lolote katika hayo linaloishia kwenye kizingiti cha nyumba ya mtu.

Mji wa Moshi unaonyesha kwamba jambo hili linawezekana hapa kwetu, kwa Watanzania wale wale na shilingi ile ile. Kwa miaka mingi uliongoza mashindano ya kitaifa ya usafi, na msafiri anayeshuka stendi huonywa mapema asitupe hata ganda la ndizi, maana faini inamsubiri. Faini peke yake isingetosha, kwa sababu askari hawezi kusimama nyuma ya kila mtu. Kinachoulinda Moshi ni kwamba mkazi mwenyewe anaona aibu kuona taka chini, na anathubutu kumwambia mgeni aziokote. Aibu ya namna hiyo hainunuliwi kwa zabuni. Inajengwa nyumbani, shuleni na sokoni, nayo huisaidia kampuni na halmashauri bila kudai malipo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo liko mikononi mwetu. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni mabaki ya chakula na mazao: maganda ya ndizi na mihogo, majani ya migomba yanayokuja na mizigo ya soko la Mabibo, nyanya zilizopondeka. Zikichanganywa na plastiki na chupa zilizovunjika, zote huwa uchafu. Zikitengwa, ni mbolea. Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichozaliwa na uhusiano wa Dar es Salaam na jiji la Hamburg la Ujerumani, na kimeonyesha kwamba taka za sokoni zinaweza kurudi shambani. Lakini kiwanda hakiwezi kutenganisha kilichochanganywa na watu karibu milioni 5.4, ambayo ndiyo idadi ya wakazi wa mkoa huu katika sensa ya 2022. Ndoo mbili jikoni zinaweza. Mkandarasi naye awajibishwe kuzichukua zikiwa zimetengana, maana hakuna kinachomvunja moyo mama aliyetenga taka zake kama kuziona zikimwagwa pamoja ndani ya gari moja.

Nimewataja serikali, mkandarasi na mwananchi. Wako watu wengine ambao mikataba mingi haiwataji, nao ndio wanaoigusa taka kwa mikono. Kijana anayening'inia nyuma ya gari la taka, mama anayefagia Barabara ya Uhuru kabla ya alfajiri, mzee anayesukuma guta lililojaa viroba, vijana wanaookota chupa na makopo Pugu. Wengi wao hulipwa kwa siku, hawana glovu wala viatu vya maana, na kuumia kwao kazini ni hasara yao peke yao. Majumbani tunawaita watu wa taka, wala hatuwaulizi majina. Hawa waokota chupa wanapunguza mzigo wa dampo kila siku, na hakuna halmashauri inayowalipa kwa kazi hiyo.

Ningekuwa na uwezo wa kuongeza kipengele kimoja katika kila mkataba wa taka nchini, ningeanza na hao. Glovu, viatu, barakoa, chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini, bima ya afya, na ujira unaoandikwa. Mzabuni atakayesema gharama hizo zinamfanya ashindwe zabuni, aambiwe kwamba wote watazibeba sawa. Bei ya chini inayopatikana kwa kumnyima mtu viatu ni wizi, na mjumbe wa bodi ya zabuni anayeipitisha anashiriki wizi huo. Mji uliosafishwa kwa mikono yenye vidonda haujawa safi bado.

Mwisho wa safari ya taka ni dampo, na hapo ndipo ubia wetu wa Afrika Mashariki umelegea kuliko kote. Kuzoa kunalipa, kwa sababu mwenye nyumba anaiona kazi na kuitolea fedha. Kufukia kwa utaratibu, kutandaza udongo, kuzuia maji machafu yasiingie ardhini na kuitoa gesi isirundikane hakumfurahishi mlipa ada yeyote, maana hayupo kuyaona. Kwa hiyo magari yanaongezeka na dampo linabaki lile lile. Dandora, Nairobi, lilianza kupokea taka katika miaka ya 1970, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na magari yakaendelea kumwaga. Kampala iligawa maeneo yake kwa kampuni binafsi za kuzoa, nazo zikapeleka taka Kiteezi, dampo lililofunguliwa mwaka 1996 na kupita uwezo wake. Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima huo wa taka ulimeguka ukafunika nyumba zilizokuwa chini yake. Watu zaidi ya 30 walikufa, wakiwamo watoto. Taka za nyumba za watu wasiowajua ndizo zilizowaua.

Nikiitazama Kiteezi naliona wazi jambo ambalo nimekuwa nikilisogelea. Kazi ya taka inaweza kukabidhiwa. Gari linaweza kukodiwa, ada inaweza kukusanywa na mtu binafsi kwa mashine ya kielektroniki, hata ufagio unaweza kutolewa kwa zabuni. Dhamana haikabidhiwi. Serikali iliyompa mkandarasi kazi bado inadaiwa afya ya mtu wa Pugu. Mkandarasi aliyefikisha mzigo dampo bado anadaiwa kibarua wake. Mwananchi aliyelipa ada bado anadaiwa alichokiweka ndani ya kiroba. Ubia unaharibika pale kila mmoja anapodhani ametua mzigo kwa kumtwisha mwenzake.

Hata mwenye kiwanda yumo katika deni hili. Wengi wetu tumekulia katika mtaa ambao soda ya chupa haikunywewa bila kurudisha chupa tupu dukani, au kuacha fedha ya chupa kwa mwenye duka. Kreti ilirudi kiwandani, ikaoshwa, ikajazwa upya. Ni nadra kuiona chupa hiyo ya kioo imelala mtaroni, kwa sababu ina mwenyewe na ina thamani. Kisha zikaja chupa za plastiki, kiwanda kikauza na kunawa mikono, na halmashauri ikaachiwa kuziokota kwa fedha ya umma. Kenya, katika sheria yake ya taka ya mwaka 2022, imeanza kumdai mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata ikishatumika. Nasi tunaweza. Juni 1, 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Watu walilalamika kwa muda, kisha wakazoea vikapu na mifuko mbadala. Serikali ikiamua, na wananchi wakielezwa sababu, kinachoitwa mazoea hubadilika.

Sitaki msomaji afikiri kwamba namwomba aichukie sekta binafsi, wala kwamba namwomba arudi kuisubiri serikali ifanye kila kitu. Tulikwisha kuishi huko, na Tabata ni ushahidi. Ubia ni njia njema ukiwa na washirika wanaoulizana. Mkataba mzuri wa taka ni ule unaosema gari litafika wapi na siku gani, kichochoro kisichopitika kitahudumiwa na nani, mzoaji atavaa nini, dampo litafunikwa kwa udongo wa nani, na asiyetimiza atawajibishwa vipi. Mkataba unaonyamazia hayo umewaacha maskini, vibarua na majirani wa dampo nje ya mlango, hata kama umepitiwa na wanasheria kumi.

Kwa hiyo nina ombi. Mkutano ujao wa mtaa wako ukiitishwa, usiupuuze. Nenda, kaa kwenye benchi, na zamu yako ikifika umuulize mwenyekiti mbele ya wote: mkandarasi wetu wa taka ni nani, mkataba wake unasema nini, wanaobeba viroba vyetu wanalipwa kiasi gani, na taka zetu zinakwenda kulala kwa nani? Ulipe ada yako, utenge maganda yako, kisha udai majibu. Jirani wa dampo ni jirani yako, na anakusubiri uulize.